Njia ya Miguu Hadi Got Kwer

Kila mwaka, siku za mwanzo za Septemba, barabara inayotoka mji wa Homa Bay kuelekea Rodi Kopany hupata wasafiri wa namna ya pekee. Huondoka alfajiri, ziwa likiwa bado jeusi na wavuvi wa omena wakirudi pwani na taa zao. Mbele hutangulia msalaba, nyuma yake bendera, kisha watu kwa safu: kanzu nyeupe, za samawati, nyekundu na kijani, rozari zikining'inia vifuani, wanawake wamejifunga vitambaa vichwani. Ngoma hupigwa taratibu, kwa kipimo cha mguu. Mwenye bodaboda akisimama kuuliza wanaelekea wapi, hujibiwa kwa neno moja: Jerusalem.

Jerusalem hiyo haihitaji pasipoti. Iko Suna, kaunti ya Migori, kwenye kilima kiitwacho Got Kwer. Kwa Dholuo, got ni mlima na kwer ni mwiko. Ni mlima wa mwiko. Hapo ndipo alipozikwa Simeo Ondeto, aliyefariki tarehe 5 Septemba 1991. Waumini wa kanisa la Legio Maria humwita Baba Messias, nao huamini kwamba ni Mwana wa Mungu aliyerudi duniani akiwa Mwafrika. Kumbukumbu ya kifo chake ndiyo inayowatoa watu majumbani, kutoka Siaya, Kisumu, Nairobi, Uganda na Tanzania. Wengi siku hizi huja kwa mabasi na matatu. Lakini wapo wanaoshikilia kutembea, na hao ndio wanaofuata njia ya zamani.

Kutoka Homa Bay hadi Rongo ni kama kilomita 30. Kwa gari ni safari ya kusinzia kidogo na kuamka. Kwa msafara wenye wazee, watoto na mizigo kichwani, ni siku nzima, tangu giza la asubuhi hadi giza la jioni. Siku hiyo moja huieleza historia ya Legio Maria kuliko jengo lolote ililojenga, kwa sababu kanisa hili lilizaliwa njiani na likaenezwa kwa miguu.

Asubuhi yote ni kupanda. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, na Rongo iko juu zaidi, kwa hiyo kila hatua ya kuelekea kusini ni deni kwa magoti. Nyuma ya mabega, kilima cha Asego chenye ncha kama kofia ya pia hubaki kikionekana kwa muda mrefu. Wazoefu huvaa akala, zile ndara za tairi kuukuu, kwa sababu hazikatiki njiani na hazijali matope. Pindo la kanzu hukunjwa na kufungwa kiunoni lisije likaburuta vumbi jekundu. Nauli ya kurudia nyumbani hufungwa kwenye ncha ya leso. Ndani ya mfuko mna mshumaa, chupa ya maji ya baraka, shuka, na mkebe wa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula kisichochacha upesi.

Rozari husaliwa hivyo hivyo kwa mwendo. Safu ya mbele huanza sala, safu ya nyuma huimalizia. Makumi yote matano huchukua kama nusu saa, na kwa mwendo wa wazee hiyo ni kilomita moja na nusu au mbili. Hivyo shanga huwa kipimo cha umbali: mtu anaweza kukuambia amefika mahali fulani katika rozari ya tatu, nawe ukajua ni wapi.

Kisha, katikati ya nyimbo za Dholuo na Kiswahili, hutokea jambo linalomshangaza mgeni. Wakulima wa mtama na njugu, ambao wengi wao hawakupata kuvuka shule ya msingi, huanza kusali kwa Kilatini.

Kilatini hicho kina hadithi yake. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill waliingia Nyanza Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, na kituo chao cha Asumbi, katika Homa Bay ya leo, kikawa mama wa shule na parokia nyingi. Misa ya siku hizo ilikuwa ya Kilatini karibu kila mahali duniani, na watu wa hapa waliipokea kwa sikio, neno kwa neno, kama vile mtoto anavyopokea wimbo. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati iliyofungua mlango wa misa za lugha za kienyeji. Siku 8 baadaye Kenya ikawa huru. Katika miaka iliyofuata, makanisa Katoliki ya Nyanza yalihamia Dholuo na Kiswahili. Legio Maria, waliokuwa wamekwisha kutoka katika Kanisa Katoliki, walibaki na Kilatini. Ndivyo ilivyokuwa kwamba ibada ya kale ya Roma ikapata hifadhi kwenye makanisa ya udongo na mabati ya Suna na Kanyamkago, mikononi mwa watu walioambiwa wameiasi Roma.

Hata jina lao wamelichukua humo humo katika Ukatoliki. Mwaka 1921, jijini Dublin, Mwairishi Frank Duff alianzisha chama cha walei kiitwacho Legio Mariae, yaani Jeshi la Maria. Mwaka 1936 chama hicho kilimtuma Afrika Mashariki msichana aliyeugua kifua kikuu, Edel Quinn, aliyezunguka nchi hizi akianzisha vikundi hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. Kazi ya wanajeshi hao wa Maria ilikuwa nyepesi kuieleza: kwenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, kuwatazama wagonjwa na kusali nao. Kwa Mjaluo wa kijijini, asiye padre wala katekista wa mshahara, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kanisa kumpa kazi yake mwenyewe, na kazi hiyo ilifanywa kwa kutembea. Ni vigumu kuielewa Legio Maria ukisahau kwamba kizazi cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuzoezwa kubeba sala miguuni.

Kufikia saa nne jua limekwisha kukaza. Mazungumzo hupungua, ngoma hubaki. Hapa ndipo wazee hupenda kusimulia habari za yule bibi.

Kwa masimulizi ya kanisa, tangu mwaka wa 1938 hivi mwanamke wa ajabu aliwatokea Wakatoliki mbalimbali wa Nyanza na kuwapa ujumbe: Mwana wa Mungu atakuja, naye atakuwa mtu mweusi. Viongozi wa kanisa hawakutaka kuusikia ujumbe huo, ukanyamazishwa kwa zaidi ya miaka 20. Baadaye mwanamke huyo akaja kwa mwili, akiwa mzee wa kutembea, na waumini wakamtambua kuwa ndiye Bikira Maria mwenyewe, mama wa kiroho wa Simeo Ondeto. Wanamwita Mama Maria.

Mtu wa Karachuonyo akisikia habari za bibi anayetembea kijiji hadi kijiji, hawezi kuacha kukumbuka hadithi nyingine, ya kale kuliko misheni yoyote. Karibu na Kendu Bay, huko huko Karachuonyo, kaunti ya Homa Bay, pana ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi ya kijani, Simbi Nyaima. Wanasayansi husema ni kasoko ya volkano. Wenyeji husema palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika sherehe ya kunywa na kucheza, akaja bibi kizee aliyechoka na njia, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea, naye akaonywa aondoke. Usiku huo huo kijiji kikazama na maji yakakifunika, na jina Nyaima ndilo linalotunza habari ya kuzama huko.

Bibi wa Simbi na Mama Maria ni watu wawili, na hakuna muumini atakayekubali wachanganywe. Hata hivyo ardhi iliyolea hadithi ya kwanza ilikuwa tayari kuisikiliza ya pili. Katika nchi hii mtu alikwisha kufunzwa tangu utotoni kwamba mgeni mzee anayebisha hodi akiwa na vumbi miguuni huenda amebeba hukumu. Ndiyo maana, msafara unapofika soko la Rodi Kopany saa sita ya mchana, hakuna anayehangaika kutafuta mahali pa kupumzika. Mabenchi hutolewa vibandani, na kibuyu cha nyuka, uji wa mtama uliochachushwa, hupita mkono hadi mkono, na mpokeaji wa mwisho huwa mama mwenye kibanda. Wanaotoa si Legio peke yao. Wapo Waadventista, ambao misheni yao ya Gendia ilifunguliwa karibu na Kendu Bay mwaka 1906 na Mkanada Arthur Carscallen akifuatana na Peter Nyambo kutoka Malawi ya leo. Wapo Wakatoliki ambao babu zao walikosana vibaya na babu za hawa wanaotembea. Mahali pa kunywa uji, ugomvi wa 1963 huwekwa kando.

Nao ulikuwa ugomvi wa kweli. Mchana, barabara ikiendelea kupanda kuelekea Rongo, ndiyo sehemu ya kuukumbuka mwaka huo.

Simeo Ondeto alikuwa Mkatoliki wa Kijaluo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akihubiri na kuombea wagonjwa, na watu walimfuata. Mwaka 1963 akajiunga naye mwanamke wa miaka 20 tu, Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa amefiwa na watoto wake wawili siku moja. Mama aliyepigwa pigo la namna hiyo katika Nyanza ya wakati huo alikuwa na milango miwili: mganga, au padre ambaye angemwambia uchawi haupo. Aoko hakupita mlango wowote kati ya hiyo. Alimwendea Ondeto, kisha akainuka na kuanza kuzunguka nchi, akiita watu wachome hirizi na dawa zao za kienyeji, akiwaombea, na akiwabatiza papo hapo kwa makundi.

Neno hilo, papo hapo, ndilo lililovunja ukuta. Katika misheni, ubatizo wa mtu mzima ulidai mafunzo ya muda mrefu, na mwanamume mwenye wake wawili, au mke wa pili mwenyewe, alibaki nje ya meza. Legio Maria iliwapokea wote, wakiwa na ndoa zao, magonjwa yao na hofu zao za uchawi, na haikuwaambia kwamba hofu hizo ni upuuzi. Iliwapa msalaba, rozari na maji ya kupigana nazo. Watafiti hutaja wafuasi karibu 90,000 katika mwaka wa kwanza. Wakati huo lami ilikuwa chache na simu zilikuwa posta na ofisi za wilaya. Maelfu hayo yalipata habari kwa mtu aliyetembea, na yalikuja kwa kutembea.

Imezoeleka kuandikwa kwamba huu ulikuwa uasi dhidi ya askofu Mzungu. Sivyo. Homa Bay na Migori zilikuwa chini ya Jimbo la Kisii, lililoundwa mwaka 1960, na askofu wake alikuwa Maurice Otunga, Mbukusu, mwana wa chifu, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973. Mapadre wengi walikuwa bado Waholanzi na Waingereza, ni kweli, na rangi ya Masihi katika mahubiri ya Ondeto haikuwa jambo dogo. Lakini kiini kilikuwa uponyaji, na nani ana haki ya kuusimamia. Padre mmoja wa Mill Hill, P. J. Dirven, aliliona hilo mapema. Makala yake ya mwaka 1970 iliita Legio Maria malalamiko na changamoto kwa pamoja, na kwa mtu aliyekuwa upande wa pili wa mgogoro hiyo ni haki ya kutosha.

Aoko baadaye aliachana na Ondeto. Katika kanisa lililoanza kwa sauti ya mwanamke kijana, ngazi za upadre, uaskofu na upapa zilishikwa na wanaume, na hilo ni pengo ambalo historia ya Legio Maria haijalieleza vya kutosha. Lakini tazama msafara wenyewe. Anayeanzisha wimbo ni mwanamke. Anayejua nani anaumwa, nani hajala na mtoto wa nani amebaki nyuma ni mwanamke. Upapa uko kwingine. Njia ni yao.

Jioni, kilomita tatu nne za mwisho, miguu huanza kusema. Lengelenge la kisigino hupasuka, na mwenye nalo huvua akala na kutembea peku ukingoni mwa lami, mahali penye majani. Vijana hupokea mizigo ya wazee bila kuambiwa. Rongo huonekana kwanza kwa taa, halafu kwa sauti za wapiga debe wa matatu za Kisii na Migori. Msafara haukai mjini. Hugeuka kuelekea kanisa, ambako wenyeji wamekwisha kuwasha moto na kupasha maji. Hapo hufanyika kazi ambayo haipigwi picha: beseni za plastiki hupangwa ukutani, chumvi hutupwa ndani, na wanawake wa Rongo huosha miguu ya wageni wao mmoja mmoja, wakifinya mahali palipovimba. Kisha ugali, mboga, na omena kwa wenye bahati. Viatu vyote hubaki nje ya mlango, kwani ndani ya kanisa la Legio hakuna anayekanyaga na kiatu. Kesha huendelea hadi usiku mkubwa, na waliochoka hulala papo hapo sakafuni, kanzu zikiwa shuka.

Safari iliyobaki ni nyepesi kusimulia. Kutoka Rongo ni Awendo, nchi ya miwa, ambako kiwanda cha South Nyanza Sugar kilichoanza kusaga mwaka 1979 hutoa harufu ya molasi inayomfuata mtu mwendo mrefu. Kisha Mto Kuja, Uriri, na hatimaye mji wa Migori, ambao kabla ya 1992 haukuwa hata makao ya wilaya. Nyanza Kusini yote ilitawaliwa kutoka Homa Bay. Kaskazini-magharibi, kilomita 46 kutoka Migori, ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila saruji karne kadhaa zilizopita na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Nchi hii ilijua kupaheshimu mahali kabla hakijaja kitabu chochote.

Got Kwer yenyewe ni kilima kilichogeuka mji kwa siku chache. Moshi wa mahema, basilika iliyopewa jina la Maria, kaburi la Ondeto, na kanzu za kila rangi zikipanda na kushuka. Wanaofika kwa miguu hutambulikana kwa vumbi, na watu huwapisha.

Wazo la kuihamisha Jerusalem si geni Afrika. Mfalme Lalibela wa Ethiopia anakumbukwa kwa makanisa yaliyochongwa mwambani, na mto unaopita katikati yake huitwa Yordani. Kule Kongo, wafuasi wa Simon Kimbangu, aliyeanza kuponya mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville mwaka 1951, wana Nkamba, Jerusalem Mpya yao, nao huikanyaga peku. Waumini wa Isaiah Shembe, KwaZulu-Natal, hupanda mlima Nhlangakazi kila Januari kwa miguu. Mahali pote hapo jambo ni lile lile: nchi takatifu iliyokuwa ramani ukutani mwa misheni ikawekwa pale ambapo mjane asiye na nauli ya meli anaweza kufika.

Baada ya Ondeto kanisa liliongozwa na Papa Timothy Blasio Atila hadi alipofariki mwaka 1998, na baadaye ukazuka mgawanyiko wa uongozi ambao umewaumiza waumini wengi. Mabasi yameongezeka, na misafara ya miguu imepungua. Haya ni mambo ya kawaida kwa kanisa lenye zaidi ya nusu karne.

Lakini hasara moja inaweza kuzuiwa. Kijana aliyemsikia Aoko mwaka 1963 akiwa na miaka 20 sasa amevuka 80. Anajua njia zilizopitwa kabla ya lami, visima vilivyonywesha misafara, nyimbo zilizokwisha kuachwa, na nyumba zilizofungua mlango wakati ambapo kumpokea Legio kulimgharimu mtu urafiki wa parokia nzima. Kwenye njia hii hii pana vyuo vikuu viwili, Tom Mboya mjini Homa Bay na Rongo katika Migori. Wanafunzi wao wa historia hawahitaji ufadhili mkubwa kwa kazi hii, wanahitaji simu yenye chaji na subira ya kukaa na mzee. Na wewe msomaji, kama una dani, yaani bibi yako, anayehifadhi kanzu ya samawati sandukuni, usingoje chuo. Muulize alilala wapi usiku wa kwanza, na nani alimwosha miguu, kisha uyaandike majina hayo.